Kalibu ya faiba kwa slabu ya choo: namna ya kuitengeneza nyumbani Daudi bila kuumia

Faiba wengi wetu tunaijua kwa macho kabla ya kuijua kwa jina. Ni lile bampa la basi linalopasuka na kuzibwa gereji. Ni madigadi ya pikipiki. Ni boti za kisasa kama zile ambazo Rais Samia Suluhu Hassan aliwakabidhi wavuvi wa Ziwa Victoria jijini Mwanza Januari 2024. Kwa ndani si kitu cha ajabu: ni nyuzi nyembamba za kioo zilizotandazwa kama mkeka, zikaloweshwa gundi nzito inayoitwa rezini. Gundi hiyo ikishakuwa ngumu, kinachobaki ni chepesi, hakiozi, hakishiki kutu, na kinafuata umbo lolote ulilokipa.

Wamarekani ndio walioanza kuzitengeneza nyuzi hizo kwa wingi viwandani katika miaka ya 1930, na mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ikatoa gari la Corvette lenye bodi nzima ya faiba. Tangu hapo kazi hii imeshuka kutoka viwandani hadi uani kwa mafundi, kwa sababu haidai tanuri wala mashine. Inadai brashi, mizani, subira na hadhari.

Katika makala haya tunaeleza kazi moja tu: kutengeneza kalibu ya faiba nyumbani, ambayo baadaye utaitumia kusubia slabu za choo kwa saruji. Tumeichagua kazi hiyo badala ya bampa au chombo cha maji kwa sababu ya pesa. Ukitengeneza bidhaa ya faiba, kila bidhaa inakula rezini mpya, na rezini haichimbwi Daudi. Ukitengeneza kalibu ya faiba na kusubia saruji, rezini unainunua mara moja, kisha kila slabu inatumia mchanga, kokoto na saruji unavyovipata karibu na nyumbani.

Kwa nini slabu ya choo

Vyoo vingi vya shimo vijijini vina sakafu ya magogo yaliyofunikwa udongo. Sakafu hiyo haioshwi ikaoshika. Mchwa wanakula magogo kimya kimya, na watoto wadogo wanaogopa tundu lake, basi wanajisaidia nje. Redio ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania na kujadiliana, na mojawapo ya matokeo yake ilikuwa uchimbaji wa vyoo kwa wingi nchi nzima. Kuchimba shimo watu waliweza. Kilichobaki kuwa kigumu ni kilicho juu ya shimo.

Jirani zetu wa Msumbiji walilishughulikia swali hilo hilo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na msanifu majengo kutoka Uswidi, Björn Brandberg, alikuwa mmoja wa waliolifanyia kazi. Kutoka katika juhudi za aina hiyo ikaja slabu ndogo ya saruji ya sentimita 60 kwa 60, inayojulikana kama SanPlat. Ina uso laini unaooshwa kwa maji kidogo, sehemu mbili za kukanyaga zilizoinuka, tundu lenye umbo la tundu la ufunguo, na kifuniko kinachokaa sawasawa ndani yake. Ni ndogo kiasi kwamba watu wawili wanaibeba.

Hapo ndipo kalibu inapoingia. Saruji huiga kila kitu cha uso uliomiminiwa. Ukiimimina juu ya ubao wenye mikwaruzo, slabu inatoka na mikwaruzo, na uchafu unakaa humo. Ukiimimina juu ya faiba inayong'aa, uso unatoka laini kama sahani. Kwa slabu iliyo mraba tupu, bila nyayo wala tundu la umbo maalumu, fundi wa kuchomea vyuma atakutengenezea kalibu ya bati nene itakayodumu, na hatuoni sababu ya wewe kuhangaika na rezini. Faiba inashinda pale penye mikunjo na mviringo.

Tuseme wazi pia: ukitaka slabu moja kwa ajili ya nyumba yako, usitengeneze kalibu ya faiba. Funga fremu ya mbao, weka kipande cha mgomba mahali pa tundu, mimina saruji, umemaliza. Kalibu inalipa pale kikundi, shule au fundi wa kitongoji anapotarajia kusubu slabu kwa makumi.

Mfano ndio kazi yenyewe

Kabla ya kalibu kuna mfano, yaani slabu ya bandia unayoitengeneza kwa mbao ili kalibu ichukue umbo lake. Fundi asiye na uzoefu huuharakisha mfano ili afike kwenye rezini. Hilo ni kosa la gharama kuliko yote, maana kila kasoro ya mfano itahamia kwenye kalibu, na kutoka kwenye kalibu itahamia kwenye kila slabu mpaka kalibu ife.

Tafuta ubao tambarare wa plaiwudi au marini bodi wa sentimita 80 kwa 80. Huo ndio msingi. Juu yake jenga mfano wa slabu ukiwa umelala kama slabu itakavyolala chooni, uso juu. Unene wake uwe sentimita 5. Chini uwe sentimita 60 kila upande, na juu upungue kidogo, sentimita 59, ili kuta zake ziwe na mlalo. Mlalo huo mdogo ndio utakaoruhusu kalibu kuchomoka. Ukisahau mlalo, au mahali fulani ukuta ukabonyea kwa ndani, kalibu itaung'ang'ania mfano na utalazimika kuvunja kimoja kati ya viwili.

Tundu linataka akili kidogo. Urefu wake uwe kati ya sentimita 35 na 40, na upana usizidi 18, ili mtoto asiweze kupita. Lifanye liwe pana zaidi juu na jembamba zaidi chini, kama kizibo. Hapa mambo mawili yanatatuliwa kwa pamoja: kalibu inachomoka kirahisi, na baadaye kifuniko cha saruji kitakaa ndani ya tundu bila kudumbukia. Sehemu za kukanyaga ziinuke sentimita 1 hadi moja na nusu, nazo pia ziwe na kingo za mlalo. Waite watu wazima na mtoto wa shule wachuchumae juu ya mfano kabla hujaendelea. Kama hawakai vizuri, sogeza nyayo sasa hivi. Kesho ni ghali.

Pembe zote zilizojitokeza ziviringishe kwa msasa, na zile zilizoingia ndani zijaze kwa bodi fila, ile ya mafundi rangi wa magari. Mkeka wa faiba haukunjiki kwenye pembe kali. Unaacha hewa nyuma yake, na mahali hapo patapasuka siku ya kwanza ukigonga. Pale mfano unapokutana na ubao wa msingi weka uzi mwembamba wa plastisini au nta, uusawazishe kwa kidole.

Kisha ziba vinyweleo vya mbao kwa rangi ya magari ya aina inayochanganywa na hadina yake, tabaka kadhaa. Rangi za kawaida za kuchanganya na thina zinaweza kuchujuka zikikutana na rezini, na mfano wote ukakunjamana. Iache rangi ikauke siku kadhaa. Piga msasa wa maji namba 400, kisha 600, kisha 1000, halafu polishi. Pitisha mkono ukiwa umefumba macho. Mkono unaona mabonde ambayo jicho halioni.

Mwisho ni nta. Nunua nta ya kuachishia inayouzwa kwa kazi hii, isiyo na silikoni. Paka tabaka jembamba kwa kitambaa, subiri, futa mpaka ing'ae, pumzisha nusu saa hadi saa moja, rudia. Kwa mfano mpya fanya hivyo mara 5 au 6, na usisahau ubao wa msingi. Juu ya nta wauzaji wana maji maji yanayoitwa PVA. Ukiyapaka kwa sponji laini au kuyapuliza, yanaacha utando kama nailoni nyembamba, nao huoshwa kwa maji baadaye. Mafuta ya kupikia na mshumaa havifai kwa kazi hii.

Vifaa, na hesabu yake

Eneo la mfano huu, pamoja na ukingo wa sentimita 5 unaozunguka juu ya ubao wa msingi, ni kama mita 0.65 za mraba. Kwa eneo hilo utahitaji jelikoti, yaani ile rezini nzito yenye rangi inayokuwa uso wa kalibu, kati ya nusu kilo na robo tatu. Mkeka wa faiba kilo moja na nusu hadi mbili: kipande chepesi cha gramu 300 kwa mita ya mraba kwa tabaka la kwanza, na wa gramu 450 kwa matabaka manne yanayofuata. Rezini ya poliesta kilo 4. Ongeza hadina, asetoni ya kuoshea brashi, brashi za bei ndogo tatu au nne, na rola ndogo ya chuma yenye mifereji ya kukamua hewa.

Vitu hivi hupatikana Arusha na miji mingine mikubwa. Muulize muuzaji mambo matatu: rezini imetengenezwa lini, maana ikikaa miezi mingi inaanza kuganda yenyewe ndani ya kopo, je, imeshawekwa kobalti, na hadina yake ichanganywe kwa kiasi gani. Bei hatuziandiki hapa kwa kuwa zinabadilika. Piga simu kwa maduka mawili kabla ya kusafiri. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina kituo cha teknolojia Arusha, na vyuo vya VETA vina mafundi wanaoweza kukuonyesha kwa mikono kile ambacho maandishi hayawezi.

Hadina hupimwa. Haikadiriwi kwa macho. Kwa kilo moja ya rezini ni gramu 10 hadi 20, yaani asilimia 1 hadi 2. Gramu 10 ni kama mililita 9, kwa hiyo bomba la sindano kutoka duka la dawa za mifugo, likiwa jipya na bila sindano, linatosha kabisa kuwa kipimo. Liandike jina na lisirudi tena kwenye kazi ya ng'ombe.

Yanayoweza kukupofusha na kukuunguza

Hadina inafanana na maji. Haina rangi, na ni nyepesi. Tone moja likiingia jichoni linaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Vaa miwani ya kinga inayofunika pembeni tangu unapofungua chupa mpaka unapoifunga, si wakati wa kupaka tu. Ndoo ya maji safi iwepo hapo hapo. Likiingia, osha jicho kwa maji mengi bila kusita dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha nenda hospitali ukiwa na lebo ya chupa. Usiihamishie hadina kwenye chupa ya maji ya kunywa wala ya soda, hata kwa nusu saa. Mtoto akirudi kutoka shule na kiu, hatasoma lebo.

Kobalti ni kichocheo cha rangi ya zambarau ambacho wauzaji wengine hukitoa katika chupa yake. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe, bila rezini katikati, zinaweza kulipuka. Kama umepewa chupa mbili, kobalti inaingia kwenye rezini kwanza na kukorogwa mpaka iishe, ndipo hadina ifuate. Ushauri wetu ni kununua rezini ambayo kobalti imeshawekwa kiwandani, hata kama ni ghali kidogo. Mizigo hii pia si ya kuweka chini ya kiti cha basi la abiria. Tafuta gari la mizigo, na hadina isafiri mbali na rezini na mbali na injini.

Harufu kali ya rezini ni stairini. Inaumiza kichwa, na mvuke wake unashika moto. Fanya kazi nje chini ya kivuli au kwenye banda lenye pande mbili wazi, ukivaa barakoa yenye vichujio vya mkaa kama ile ya kupuliza sumu. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote kwa mvuke. Mama mjamzito na watoto wasiwepo kabisa. Rezini iliyobaki kwenye kopo ikiwa na hadina hujichemsha yenyewe, hutoa moshi, na inaweza kuwaka. Itoe nje uiache juu ya udongo mtupu, mbali na majani makavu.

Vumbi la faiba linawasha mwilini. Ukikata au kupiga msasa kalibu iliyokauka, vaa mikono mirefu, lowesha kwa maji ili vumbi lisiruke, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Baridi ya Daudi

Maelekezo mengi yaliyoandikwa kwenye makopo yanadhani uko mahali penye nyuzi joto 20 hadi 25. Fundi wa Tanga au Dar es Salaam hana shida hiyo. Yeye huhangaika rezini isigande mapema mno. Huku nyanda za juu za Mbulu ni kinyume. Asubuhi ya Juni au Julai, ukungu ukiwa bado chini, rezini inakuwa nzito kama asali, mkeka haulowi vizuri, na hadina inafanya kazi taratibu mno. Chini ya nyuzi joto 15 rezini inaweza kubaki laini juu juu kwa siku nyingi na isifikie ugumu wake hata baadaye. Kalibu ya namna hiyo itapinda.

Watu hujibu tatizo hili kwa njia mbili, na zote mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kuongeza hadina. Kupita asilimia 2 hakuifanyi rezini kuwa na nguvu. Inakuwa tete, na mara nyingine inapasuka kwa joto lake yenyewe. Ya pili ndiyo tunayoiogopa zaidi: kufunga milango na kuingiza jiko la mkaa ili chumba kipate joto. Mvuke wa stairini na kaa la moto ndani ya chumba kilichofungwa ni moto unaosubiri dakika yake. Na hata usipowaka, hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa inaua yenyewe, bila msaada wa rezini.

Njia iliyo salama ni kuchagua siku. Panga kazi hii kati ya Septemba na Februari, siku isiyo na mvua, uanze saa 4 asubuhi umande ukiwa umekauka na umalize kutandika kabla ya saa 9 alasiri, ili jua la mchana likufanyie kazi. Kopo la rezini, likiwa limefungwa na kabla halijatiwa hadina, liweke ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, mbali na jiko lililoyachemsha. Mfano na ubao wake vikae juani saa moja kabla. Mkeka wa faiba uhifadhi ndani ya nailoni mahali pakavu, kwa kuwa mkeka uliokula unyevu hutoa kalibu yenye mabaka meupe. Na kabla ya siku yenyewe fanya jaribio: gramu 100 za rezini, gramu 1.5 za hadina, ndani ya kikopo, hapo hapo utakapofanyia kazi. Angalia saa mpaka igande. Dakika 15 hadi 30 ni nzuri. Ikipita saa nzima, siku hiyo haifai.

Kutandika

Changanya jelikoti na hadina yake, koroga taratibu dakika mbili ukikwangua pembeni na chini, kisha paka juu ya mfano kwa brashi laini, mkono mmoja mzito usio na mistari. Unene uwe zaidi kidogo ya nusu milimita. Acha. Gusa pembeni kwa kidole chenye glovu: kama inanata lakini haihamii kwenye glovu, iko tayari. Ukitandika mapema mno, jelikoti hukunjamana kama ngozi ya maziwa.

Mkeka mwepesi ukate mapema vipande vipande, vingine vidogo kwa ajili ya kuta za tundu na pembe. Paka rezini kwanza, laza kipande, kigongegonge kwa ncha ya brashi mpaka weupe wa mkeka utoweke na uone rangi ya jelikoti kwa chini. Usisugue kama unayepaka rangi ya ukuta, maana utazisogeza nyuzi. Pitisha rola kukamua hewa. Rezini iwe kama mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka, isizidi. Rezini tupu bila nyuzi ni tete kama pipi.

Tabaka hilo la kwanza liache liwe gumu peke yake, hata mpaka kesho yake. Ndilo linaloamua kama uso utakuwa na viputo vya hewa au la. Ukiona kiputo, kikate kwa kisu kikali, ukijaze, ndipo uendelee. Matabaka manne yanayofuata yatandike mawili kwa siku. Ukiyatandika yote kwa mkupuo, joto linapanda na kalibu inajikunja. Changanya nusu kilo kwa wakati mmoja, usichanganye kopo zima.

Likishika tabaka la mwisho, laza vipande vya mbao kavu mgongoni mwa kalibu, viwili vinavyopishana kama msalaba pembeni mwa tundu, uvifunike kwa mkeka na rezini. Hivyo ni mbavu. Bila mbavu, kilo karibu 40 za zege mbichi zitaibonyeza kalibu katikati, na slabu itatoka na tumbo.

Kufungua

Subiri. Pwani wangesema siku mbili. Hapa tunasema siku 5 hadi 7, ikikaa juani mchana. Kalibu inayofunguliwa mbichi inaendelea kusinyaa bila kitu cha kuishikilia, na haitakuwa mraba tena. Wakati ukifika, punguza kingo kwa msumeno wa chuma, chomeka kabari za mbao au plastiki kuzunguka ukingo, si bisibisi, na uzisukume kidogo kidogo kwa zamu. Mimina maji kwenye ufa. PVA itayeyuka na utasikia mlio wa kuachia. Ikigoma, gonga mgongo wake kwa nyundo ya mpira. Osha, kagua, ziba vitobo kwa jelikoti, piga msasa wa maji namba 1000, polishi, halafu nta tena mara tatu. Mfano usiutupe. Kalibu ikiharibika, wenyewe ndio utakaozaa nyingine.

Slabu ya kwanza

Geuza kalibu, iwe kama sinia lenye kinundu cha tundu katikati, uilaze juu ya mchanga tambarare. Paka mafuta mepesi kidogo sana. Zege liwe saruji ndoo 1, mchanga safi 2, kokoto ndogo 3, maji kidogo kiasi cha kushikamana tu. Jaza nusu, weka nondo za milimita 6 zilizofungwa kuzunguka tundu zikiwa mbali na uso wa kalibu, kisha jaza. Shindilia kwa kipande cha ubao na utikise ukingo wa kalibu; usigonge kwa chuma. Mfuko mmoja wa kilo 50 utatoa slabu kama 7 au 8. Kifuniko kisubie ndani ya tundu la slabu iliyokwisha kukauka, ukitenganisha kwa karatasi ya nailoni, na kipande cha nondo kilichopindwa kiwe mpini.

Iache ndani ya kalibu saa 24, au siku mbili kipindi cha baridi. Pindua kalibu juu ya mchanga na uitoe. Slabu ifunikwe kwa magunia mabichi na kumwagiwa maji siku 7. Halafu ipime: iweke juu ya vipande viwili vya mbao pembezoni, watu wazima wawili wasimame katikati kwa pamoja. Ikipata ufa, ivunje hapo hapo ili asije mtu akaichukua.

Slabu hii haikutengenezwa kuvuka shimo peke yake. Inakaa juu ya magogo imara au juu ya ukuta wa matofali uliojengwa mdomoni mwa shimo, ikiegemea pande zote. Choo cha zamani chenye magogo yaliyoliwa na mchwa kisiwekewe slabu mpya juu yake. Uzito unaongezeka na magogo ni yale yale.

Kati ya slabu na slabu, ioshe kalibu kwa maji na brashi laini kabla saruji haijakauka, na kila baada ya slabu chache uipake nta upya. Ihifadhi kivulini ikiwa imelala tambarare, bila kitu juu yake. Ikipata mkwaruzo mrefu, jelikoti kidogo, msasa na polishi vinaurudisha uso. Ikiwa ukingo umepasuka mpaka unaona nyuzi, kausha vizuri, kwangua mpaka faiba safi, na utandike vipande viwili vya mkeka kwa nyuma, siku yenye jua.